Je, Mashine ya Kukimbilia Inasaga Magoti?

Karibu kila anayejiandikisha jimu katika miji yetu hukutana na maonyo mawili yanayogombana. La kwanza husema mashine ya kukimbilia ni adui wa magoti: mkanda unakuvuta, mguu unagonga palepale mara elfu kadhaa, na baada ya miaka michache ute ute umekwisha, mifupa inasagana. La pili, ambalo hupendwa na wauza mashine, husema kinyume chake: lami ndiyo inayoua magoti, na kwa kuwa ubao wa mashine umewekewa mpira chini yake, anayejali viungo vyake akimbie ndani. Watoa maonyo hawa hawaelewani kuhusu mashine, ila kuhusu goti wako pamoja. Wote wanalichukulia kama bushi ya gari: limekuja na idadi ya kilomita zake, kila hatua inakula kidogo, na ujanja wote ni kutafuta barabara isiyolitikisa. Hapo ndipo wote wawili wanapopotea. Goti ni kiungo hai. Mzigo unaweza kuliumiza, na mzigo huohuo ndio unaolijenga. Ukishalikubali hilo, ushahidi uliopo unaelekea upande mmoja: mashine hailemei goti kuliko barabara, kukimbia kwa kiasi hakulisagi goti lenye afya, na madhara ambayo mashine huleta kweli yanatokana na jinsi inavyotumiwa, tena mara nyingi huangukia sehemu nyingine ya mguu kabisa.

Tuanze na huo mkanda unaodaiwa kuvuta. Machoni pa anayetazama dai lina mantiki, maana anaona kitu kinakimbia chini ya mtu asiyesogea. Lakini kwa sheria za mwendo, mkanda unaokwenda kwa kasi isiyobadilika na ardhi iliyotulia havina tofauti kwa mguu unaovikanyaga. Mwanasayansi Mholanzi Gerrit Jan van Ingen Schenau alilionyesha hili kwa hesabu mwaka 1980. Kilichobaki kutofautisha ndani na nje ni hewa, ambayo anayekimbia mahali pamoja haikati. Ndiyo maana mwaka 1996 Waingereza Andrew Jones na Jonathan Doust walipendekeza mwinuko wa asilimia 1 kwenye mashine ili kufidia upepo huo. Pendekezo lao lilihusu nguvu ambayo mwili unaitumia. Huko jimu limekwisha kugeuzwa dawa ya magoti, jambo ambalo hawakulisema.

Hata hivyo mwili haukimbii kwa hesabu tupu. Mtu akipanda juu ya mkanda hujihadhari kidogo hata kama hajui, na vipimo vinaonyesha hivyo. Mwaka 2020 Bas van Hooren na wenzake walikusanya tafiti zilizolinganisha ukimbiaji wa nje na wa kwenye mashine, wakakuta kwamba kwa mambo mengi miendo hiyo miwili inafanana sana. Tofauti zilizojitokeza zilikuwa ndogo: kwenye mashine unyayo hutua ukiwa umelala zaidi, na mwili hupanda na kushuka kidogo kuliko nje. Miaka minne kabla yake Richard Willy na wenzake walikuwa wameuliza swali linalotuhusu moja kwa moja, yaani kani inayokandamiza pia ya goti. Waliikuta karibu sawa nje na ndani. Kilichobadilika kilikuwa chini zaidi: kano nene inayounganisha misuli ya shavu la mguu na kisigino ilibeba mzigo uliozidi ule wa nje kwa zaidi ya asilimia 10. Kwa upande wa mfupa wa muundi mambo ni kinyume. Charles Milgrom na wenzake huko Israel waliwapachika watu watatu waliojitolea vipimo kwenye mfupa wenyewe, na mwaka 2003 wakaripoti kwamba mfupa ulipindwa na kubanwa zaidi barabarani kuliko kwenye mashine. Watu watatu ni wachache, lakini ni wachache mno pia wanaokubali kutobolewa mfupa ili wakimbie, kwa hiyo ushahidi huo si wa kutupwa. Ukiyaunganisha yote, mashine inampunguzia mkimbiaji mzigo wa muundi, inamwongezea wa kano ya kisigino, na goti inaliacha lilivyokuwa.

Sasa muuza mashine atauliza: na ule ulaini wa ubao je? Ulaini upo, na mashine moja hutofautiana na nyingine, maana nyingine ni ngumu kama sakafu. Ila mguu wenyewe una akili yake. Daniel Ferris na Claire Farley wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha mwishoni mwa miaka ya 1990 kwamba mkimbiaji akikanyaga mahali palaini hukaza mguu, na akikanyaga pagumu huulegeza, kiasi kwamba mwendo wa mwili kwa jumla unabaki uleule. Marekebisho hayo hufanyika tangu hatua ya kwanza kwenye sakafu mpya, pasipo mtu kuamua. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ulaini unaonunuliwa kwa bei ghali huliwa na misuli inayojikaza. Sisemi kwamba ulaini ni bure kabisa. Huko Luxembourg, Laurent Malisoux na wenzake waliwagawia wakimbiaji 848 raba za aina mbili bila wao kujua tofauti yake, na waliopewa soli ngumu wakaumia zaidi kuliko wenzao. Cha kushangaza, faida ya soli laini ilionekana hasa kwa watu wepesi, wakati wauzaji huwaelekeza wazito ndio wanunue ulaini. Lakini hayo ni majeraha ya kukimbia kwa ujumla wake, na kutoka hapo hadi kudai kwamba ubao laini huliokoa goti na kusagika ni safari ndefu.

Hoja nzito zaidi ya wanaoogopa ni ya kani yenyewe, na inastahili kujibiwa kwa takwimu. Mtu anapokimbia, ardhi humrudishia kani ya mara mbili hadi tatu ya uzito wake kila anapokanyaga. Ndani ya goti kani ni kubwa zaidi, kwa sababu misuli ya paja inavuta kwa nguvu ili mguu usikunjike: kutembea hulikandamiza goti kwa takriban mara tatu ya uzito wa mwili, na kukimbia kwa takriban mara nane. Mtu wa kilo 70, basi, kila hatua ya kukimbia inaliwekea goti lake mzigo unaokaribia kilo 560. Ukiishia hapo utaona heri ukae. Ross Miller wa Chuo Kikuu cha Maryland hakuishia hapo. Mwaka 2014 yeye na wenzake walipima mzigo wa goti kwa kila mita ya safari badala ya kila hatua, wakakuta kwamba kukimbia na kutembea vinakaribia kulingana. Anayekimbia hurusha hatua ndefu, kwa hiyo hatua zake kwa kilomita ni chache, na kila mguu unaigusa ardhi kwa muda mfupi sana. Mtembeaji anabanwa kidogo, lakini anabanwa mara nyingi na kwa muda mrefu. Mtu anayekwenda kilomita tano kwa miguu na anayezikimbia wanayapa magoti yao kazi ya jumla isiyopishana sana, na hakuna anayemwambia mzee wake aache kutembea asije akamaliza magoti.

Kuna pia suala la kile kinachobanwa. Gegedu, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa ndani ya goti, halina mishipa ya damu. Chakula chake hutoka kwenye ute wa maungio, na ute huo huingia na kutoka pale gegedu linapobanwa na kuachiwa. Kiungo kisichobebeshwa kitu hudhoofika: watu waliopooza miguu baada ya kuumia uti wa mgongo hupatikana na gegedu la magoti lililokonda, ingawa magoti yao hayapigi hatua hata moja. Huu ndio ushahidi unaoivunja picha ya bushi, kwa sababu bushi iliyowekwa stoo haiishi. Na ule ute ute unaosemwa umekwisha haumalizwi na kukimbia, maana utando wa ndani ya goti huutengeneza wakati wote. Goti lenye ugonjwa mara nyingi huvimba kwa sababu ute huo umezidi, ingawa ubora wake umeshuka. Bamia, ambayo wengine huila wakidhani mlenda wake utageuka ute wa goti, ni mboga nzuri, ila mlenda huo huishia tumboni.

Hizo ni hoja za jinsi kiungo kinavyofanya kazi, na mtu ana haki ya kudai matokeo ya miaka. Yapo. Huko Stanford, kuanzia mwaka 1984 hadi 2002, watafiti walilifuatilia kwa picha za eksirei kundi la wakimbiaji 45 wa masafa marefu na wasiokimbia 53, ambao wengi wao walikuwa wamekaribia miaka 60 utafiti ulipoanza. Mwishoni dalili za kusagika zilionekana kwa asilimia 20 ya wakimbiaji na asilimia 32 ya wasiokimbia. Makundi ni madogo, na tofauti hiyo haitoshi kudai kwamba mbio zinakinga; inatosha kuuliza yako wapi yale magoti yaliyotabiriwa kuangamia. Mwaka 2017 ulitoka uchambuzi wa tafiti nyingi pamoja, wenye watu zaidi ya 100,000, uliohesabu kusagika kwa nyonga na magoti: asilimia 3.5 kwa wanaokimbia kwa afya na burudani, asilimia 10.2 kwa wasiokimbia, na asilimia 13.3 kwa wanaoshindana katika ngazi za juu. Wengi wa wakimbiaji hawa walizoea barabara, lakini kwa kuwa tumeona mashine hailizidishii goti mzigo, matokeo yao yanamhusu na anayekimbia ndani.

Mwaka huohuo Ian Wallace, Daniel Lieberman na wenzao walichapisha kazi ambayo kwangu ndiyo inayosema mengi kuliko zote, japo haikuhusu mbio. Walichunguza magoti ya viunzi vya mifupa zaidi ya 2,000 vya watu wa Marekani wa nyakati mbalimbali. Waliofariki mwanzoni mwa karne ya 20 wakiwa na miaka 50 au zaidi walikuwa na magoti yaliyosagika kwa asilimia 6. Waliofariki kuanzia miaka ya 1970 hadi karne hii, asilimia 16. Mtu atasema ni kwa sababu siku hizi watu wanaishi muda mrefu na wamenenepa. Watafiti waliondoa athari za umri na uzito, na bado waliofuata walikuwa na hatari mara mbili. Kama magoti yangekuwa yanaisha kwa kilomita, waliotembea kwenda kazini na kusimama kiwandani kutwa nzima ndio wangeongoza kwa kusagika, si wajukuu wao waliozaliwa katika zama za gari na kiti. Hili linapaswa kutusumbua zaidi ya mkanda wowote, kwani maisha ya kukaa ndiyo yanayoingia Dar es Salaam, Nairobi na Kampala kwa kasi.

Pingamizi la kwanza kwa ushahidi huu ni zuri: huenda wenye magoti mabovu huacha kukimbia mapema, wakabaki wenye magoti ya chuma, halafu tukawasifu hao kwa niaba ya mbio. Udhaifu huo upo hasa katika tafiti zinazowahoji wanaokimbia leo tu. Grace Lo wa Houston na wenzake walilikwepa tatizo kwa njia rahisi. Waliwauliza watu 2,637, wenye wastani wa miaka 64, kama waliwahi kukimbia wakati wowote maishani, wakiwemo walioacha zamani, kisha wakayatazama magoti yao. Waliowahi kukimbia hawakuwa na maumivu wala kusagika zaidi. Walikuwa na nafuu kidogo. Pingamizi la pili ni ile asilimia 13.3 ya washindani, na halifutiki kwa maneno. Kukimbia karibu kilomita 200 kwa wiki kwa miaka mingi, kama wafanyavyo wanaojiandaa kwa marathoni kubwa huko Iten na Kaptagat, ni kazi, na kazi huacha alama. Aidha mshindani hupata majeraha na huendelea kukimbia nayo kwa sababu ndiyo riziki yake. Lakini mhasibu anayekimbia dakika 40 mara tatu kwa wiki hayumo katika kundi hilo, na kumtisha kwa takwimu za mabingwa ni kumwonea.

Basi kwa nini watu wengi huteremka kwenye mashine magoti yakiwauma? Hawatungi. Maumivu hayo ni ya kweli, na kwa kawaida chanzo chake kiko kuzunguka pia ya goti: sehemu imebebeshwa zaidi ya ilivyozoea, ikalalamika kabla gegedu halijafanywa chochote. Misuli hujenga uwezo kwa wiki, wakati kano, mfupa na gegedu huhitaji miezi. Pumzi hutangulia yote, kwa hiyo mtu hujiona yuko tayari wakati magoti yake bado. Hapo mashine inachangia kwa namna yake. Nje, uchovu humpunguzia mtu kasi bila kuombwa; juu ya mkanda, kasi haishuki mpaka mtu aishushe, na kuna kioo chenye namba mbele yake na jirani aliyeweka namba kubwa zaidi. Kiyoyozi kinaficha joto ambalo nje lingemsimamisha. Tena kila hatua ni nakala ya iliyotangulia: hakuna kona, shimo wala mchanga wa kubadilisha kidogo mahali mzigo unapoangukia. Hatua yenyewe haikuzidi ile ya lami, ila ni rahisi kuzipiga nyingi mno, haraka mno, na mapema mno.

Kuhusu kiasi cha kuongeza, kanuni iliyoenea ni asilimia 10 kwa wiki. Huko Groningen, Uholanzi, Ida Buist na wenzake waliijaribu mwaka 2008 kwa wanaoanza 532: nusu waliandaliwa kwa wiki 13 taratibu kwa kufuata kanuni hiyo, nusu kwa wiki 8. Katika kila kundi mmoja kati ya watano aliumia. Mwaka 2025 utafiti uliowafuatilia kwa saa za mkononi wakimbiaji zaidi ya 5,000 ulitoa maelezo yanayoingia akilini zaidi. Jumla ya wiki haikuwa na uhusiano ulio wazi na kuumia. Kilichoumiza kilikuwa siku moja ya kukurupuka, pale mtu alipokimbia umbali unaozidi kwa zaidi ya asilimia 10 ule mrefu kuliko wote alioukimbia katika siku 30 zilizopita. Hiyo ndiyo picha ya mtu aliyepotea jimu mwezi mzima kisha akarudi Jumamosi moja kulipa deni lote. Mashine inamwonyesha mtu umbali wake papo hapo, kwa hiyo anayetaka kulikwepa kosa hili ana chombo kizuri.

Zipo pia hali ambazo mashine inalisaidia goti waziwazi. Kuteremka mlima ndiko kunakoligonga goti zaidi: Jinger Gottschall na Rodger Kram walipima kwamba mteremko wa nyuzi 9 huongeza kishindo cha kutua kwa asilimia 54 kuliko tambarare, na kupanda kwa nyuzi hizohizo hukipunguza. Anayeishi Kigali, Bukavu au Lushoto hawezi kupanda asiteremke. Mwenye mashine anaweza. Wenye uzito mkubwa nao hawalazimiki kukimbia. Kutembea haraka kwenye mwinuko huchosha moyo na mapafu kwa kiwango cha kukimbia polepole, bila ile kani ya mara nane, mradi mtu asining'inie kwenye vyuma vya mkononi, maana akining'inia anailaghai mashine na yeye mwenyewe. Na kila kilo anayopunguza ina thamani: Stephen Messier wa Wake Forest alionyesha mwaka 2005, kwa wazee wanene wenye magoti yaliyosagika, kwamba kilo moja ikipungua mwilini, goti linapumzishwa kilo nne katika kila hatua. Kwa anayekimbia na kuhisi maumivu mbele ya goti, jaribio la kwanza lisilo na gharama ni kufupisha hatua. Bryan Heiderscheit wa Wisconsin alikuta kwamba kuongeza idadi ya hatua kwa dakika kwa asilimia 5 hadi 10, kwa kasi ileile, kunapunguza kazi inayofanywa na goti. Kwenye mkanda hilo ni jepesi kulifanya, kwani kasi inajishikilia yenyewe.

Hukumu hii ina mpaka wake. Goti lililowahi kukatika kano za ndani au kuchanika vile vipande vya gegedu vyenye umbo la mwezi mwandamo lina hatari kubwa zaidi ya kusagika, akimbie mwenyewe au asikimbie, na ushahidi wa magoti mazima hauwezi kuhamishiwa kwake hivihivi. Aliyekwisha kuambiwa magoti yake yamesagika naye hakatazwi mazoezi. Kuimarisha misuli ya paja na kutembea ni sehemu ya matibabu yenyewe, na kukimbia ni jambo la kuzungumza na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mwenye historia ya maumivu ya kisigino ndiye hasa anayepaswa kuiendea mashine kwa tahadhari, na asiweke mwinuko mkali. Kwa wengine wote, maumivu madogo yanayotulia kabla ya kesho yake yanaomba kupunguziwa kasi au umbali. Lakini goti linalovimba baada ya kukimbia, linalokwama likikunjwa, au linalolegea ghafla mtu akiwa amesimama, lipelekwe hospitali likapimwe kabla ya kurudishwa kwenye mkanda au kwenye lami.